Shehena au Vifurushi: Dereva wa Lori Marekani Aajiriwe Wapi?

Kazi ya lori ya kulala nyumbani nchini Marekani hutolewa kwa wingi na aina mbili za kampuni. Ya kwanza ni kampuni za shehena, zile zinazokusanya mizigo ya wateja wengi katika trela moja: paleti mbili za rangi za duka hili, pipa la kemikali la kiwanda kile, rundo la mabomba ya fundi fulani. Old Dominion, Estes, Saia, XPO, ABF na FedEx Freight ni za kundi hilo. Ya pili ni kampuni za vifurushi, ambazo mzigo wake ni boksi la kubebwa na mtu mmoja. UPS haipokei kifurushi cha kawaida kinachozidi pauni 150, yaani kilo 68. Kwa Wakenya wa Dallas, Wakongo wa Louisville na Watanzania wa Houston waliochoka kuzunguka nchi nzima wakilala kwenye kibanda cha lori kwa majuma mfululizo, milango hiyo miwili ndiyo inayobishwa hodi kwanza.

Wengi wanaobisha hodi huuliza jambo moja tu: nani analipa zaidi kwa saa? Si swali baya, ila limetangulizwa mno. Kabla yake kuna maswali mawili mazito zaidi: nani hasa anayeandika hundi ya mshahara, na dereva mpya anaingia nafasi ya ngapi kwenye foleni ya waliomtangulia. Viwango vya saa katika mji mmoja havipishani sana kwa madereva wazoefu. Majibu ya maswali hayo mawili hupishana kama usiku na mchana.

Kazi yenyewe katika shehena ina pande mbili. Dereva wa mjini huondoka kituoni asubuhi na trela iliyopakiwa usiku kwa mpangilio wa kinyumenyume, mzigo wa mteja wa mwisho ukiwa ndani kabisa na wa mteja wa kwanza mlangoni. Hushusha kwa wateja kumi, kumi na watano, siku nyingine ishirini. Mchana kazi hugeuka: trela ileile iliyokuwa ikipungua huanza kujazwa mizigo inayochukuliwa viwandani na madukani, na jioni hurudishwa kituoni ili mzigo ushushwe, upangwe upya kwa miji na uondoke usiku huohuo. Ustadi wa dereva huyu hauonekani sana barabara kuu. Huonekana anaporudi nyuma, akiiingiza trela katika uchochoro uliojengwa kabla ya malori ya leo kubuniwa, huku magari yakimpigia honi pande zote. Mahali pasipo na jukwaa la kushushia hutumia lifti iliyofungwa nyuma ya trela na toroli la kuvutia paleti. Katika vituo vingi hutakiwa pia kuendesha foklifti na kusaidia upakuaji, jambo ambalo matangazo ya kazi hulitaja kwa herufi ndogo.

Upande wa pili ni wa usiku. Dereva wa usiku haonani na mteja kabisa. Huunganisha trela mbili fupi, kila moja ya futi 28, kwa kigari cha magurudumu kinachokaa katikati yake, akaziendesha hadi kituo kingine au hadi mahali pa kati anapokutana na mwenzake kutoka mji wa pili. Hapo hubadilishana trela, kila mmoja akarudi kwake alfajiri. Trela mbili haziwezi kurudishwa nyuma kwa umbali wowote wa maana. Aliyekosea njia usiku wa theluji hana budi kuzitenganisha gizani na kuanza upya. Majimbo machache, Oregon na Utah yakiwamo, huruhusu hata trela tatu. Kwa hesabu za kampuni huyu naye ni dereva wa kulala nyumbani, ingawa hulala wakati watoto wako shuleni na kuamka wakati jirani anakula chakula cha jioni. Hulipwa kwa maili, na katika vituo vingi ndiye anayebeba fedha nyingi kuliko wenzake wote. Mtu anayeweza kulala mchana bila taabu asiidharau nafasi hiyo.

Katika vifurushi, sura inayojulikana ni gari la kahawia la UPS. Gari hilo kwa kawaida halihitaji leseni ya kibiashara, kwa kuwa uzito wake uko chini ya pauni 26,001, karibu tani 11.8, kiwango ambacho leseni hiyo huanza kudaiwa. Dereva wake huwa na vituo zaidi ya mia moja kwa siku. Kila kituo ni kushuka, kutafuta boksi, kutembea hadi mlangoni, kurudi na kupanda tena. Foklifti haipo, kuna magoti, mgongo na mabega. Kiangazi cha Texas au Arizona hugeuza sehemu ya nyuma ya gari hilo kuwa tanuri, na ndiyo maana suala la kiyoyozi lilikuwa miongoni mwa madai makubwa ya chama cha wafanyakazi cha Teamsters katika mazungumzo ya mwaka 2023. Walichopata ni kiyoyozi katika magari mapya yatakayonunuliwa kuanzia Januari 1, 2024. Magari ya zamani, ambayo hukaa barabarani miaka mingi, yaliahidiwa feni na vizuizi vya joto.

UPS ina malori makubwa pia. Madereva wake wa trela husafirisha vifurushi kutoka kituo hadi kituo, kazi inayofanana sana na ile ya dereva wa usiku wa shehena, tena safi kuliko zote: hakuna kushusha, hakuna mteja. Mwenye leseni ya daraja A, ile ya kuendesha malori ya trela, huitamani kazi hiyo mara anapoisikia. Tatizo ni kwamba nafasi hizo hugombewa kwanza na watu wa ndani, kwa utaratibu wa ukongwe kazini, na aliyebeba maboksi miaka kumi na mitano hatamwachia mgeni kiti hicho kwa hiari. Watu wa nje huajiriwa moja kwa moja katika baadhi ya miji yenye upungufu, ila hilo ni jambo la bahati.

Swali la hundi ya mshahara huwagawa waajiri wa vifurushi kuliko tofauti yoyote nyingine. UPS huwaajiri madereva wake yenyewe. FedEx Ground haifanyi hivyo: magari yake, ya mtaani na ya masafa, huendeshwa na wakandarasi, kampuni ndogo zinazomiliki magari na kuajiri madereva kwa masharti yao. Amazon ilianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 2018 kwa magari yake madogo ya kusambaza mizigo majumbani. Dereva huvaa shati lenye nembo ya kampuni kubwa, hufuata ratiba iliyopangwa na kompyuta ya kampuni kubwa, lakini mwajiri wake kisheria ni mtu mwenye magari ishirini au arobaini. Mkandarasi akipoteza mkataba, dereva hana orodha ya ukongwe ya kumlinda wala kituo kingine cha kuhamia. Bima ya afya na akiba ya uzeeni hutegemea ukarimu na uwezo wa huyo mwenye magari. Wapo wakandarasi waungwana wanaolipa vizuri na kwa wakati, lakini haifai mtu kupanga maisha yake kwa kutegemea kuwa atakutana na mmoja wao.

Kampuni kubwa za shehena ziko karibu na UPS katika jambo hili kuliko zilivyo karibu na FedEx Ground. Dereva wa mjini wa Estes au Saia ni mwajiriwa wa Estes au Saia, lori ni la kampuni, matairi ni ya kampuni, dizeli ni ya kampuni.

Foleni ndiyo inayofuata. Mkataba wa UPS na Teamsters ulioidhinishwa Agosti 2023, unaowahusu wafanyakazi wapatao 340,000 na unaoendelea hadi Julai 31, 2028, una kiwango cha juu cha kuvutia: wastani wa dola 49 kwa saa kwa dereva aliyefikia kilele, mwisho wa mkataba. Mkuu wa kampuni, Carol Tomé, alitaja jumla ya dola 170,000 kwa mwaka, na vichwa vya habari vikaitangaza kana kwamba ni mshahara. Sivyo. Ndani yake mna michango ya bima ya afya na pensheni, ambayo dereva haishiki mkononi. Muhimu zaidi kwa mgeni ni namba zilizo chini ya ngazi: mfanyakazi wa muda wa ndani, anayepakia na kupakua, huanzia dola 21 kwa saa kwa zamu fupi ya saa tatu na nusu au zaidi kidogo, na dereva mpya wa kutwa huanzia dola 23 na kupanda kwa miaka minne kabla ya kufikia kilele. Kutoka upakiaji hadi usukani kuna miaka mingine ya kungoja, mirefu au mifupi kulingana na kituo. Huko Louisville, ambako UPS ina kituo chake kikuu cha ndege kinachoitwa Worldport, wahamiaji wengi wameianza safari yao ya Marekani kwa zamu hizo za usiku. Kwa kijana wa miaka 22 asiye na leseni wala watoto, kungoja huko ni uwekezaji wa maana. Kwa baba wa watoto wanne mwenye kodi ya nyumba ya kulipa tarehe mosi, dola 21 mara saa tatu na nusu si riziki.

Shehena haina ngazi ndefu namna hiyo. Mwenye leseni ya daraja A na rekodi safi huwekwa nyuma ya usukani mara tu mafunzo ya kuanzia yanapokwisha, na kiwango cha kuanzia huwa karibu zaidi na kiwango cha mwisho. Asiye na leseni naye ana njia: kampuni kadhaa, FedEx Freight, XPO na Old Dominion zikiwa miongoni mwake, humchukua mtu wa upakiaji na kumfundisha udereva kwa gharama ya kampuni kwa sharti la kubaki kazini muda fulani. Foleni ipo hata hivyo. Njia za mchana zenye wateja watulivu hushikwa na wakongwe. Mpya hupewa siku za kuziba mapengo, kuitwa saa nne asubuhi leo na saa nane usiku kesho, na katika msimu mbovu huambiwa abaki nyumbani. Miezi hiyo ya mwanzo ndiyo inayowafukuza wengi, na anayejiunga ni vyema aingie akiwa na akiba kidogo pembeni.

Kuhusu chama cha wafanyakazi, mambo yamegawanyika. ABF na kampuni nyingine ya shehena, TForce Freight, zina mikataba na Teamsters. Old Dominion, Estes na Saia hazina, na XPO karibu yote haina. Bila mkataba, kampuni inaweza kubadilisha kanuni za zamu au bima kwa tangazo la ukutani. Kwa upande mwingine, kampuni hizo zisizo na chama zimekuwa zikilipa viwango vinavyoshindana na vya chama, kwa sababu zinajua dereva mzuri atahama.

Sheria ya saa za ziada ina kitu cha kushangaza ambacho madereva wengi hukigundua wakiwa wameshasaini. Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938 inamtaka mwajiri alipe mara moja na nusu baada ya saa 40 kwa juma, lakini inawaacha nje madereva wa magari makubwa yanayobeba mizigo ya kati ya majimbo. Gari lisilozidi pauni 10,000, kama tani 4.5, halimo katika msamaha huo. Kwa hiyo kijana wa gari dogo la vifurushi ana haki ya kisheria ya saa za ziada, na dereva wa lori la trela lenye uzito wa jumla wa tani 36 hana. Kinachomlinda dereva wa trela ni mkataba wa chama, sheria ya jimbo lake, au hiari ya kampuni. Katika UPS dereva hulipwa saa za ziada baada ya saa nane za siku. Katika shehena, kampuni moja huanza baada ya saa nane, nyingine baada ya 40 za juma, nyingine baada ya 45 au 50, na nyingine haijui habari hizo. Dereva wa mjini hufanya kazi saa 50 au 55 kwa juma bila kushangaa. Kanuni hii moja inaweza kufuta tofauti yote ya dola mbili kwa saa iliyomvutia.

Saa zenyewe zina mipaka. Kanuni za shirikisho humruhusu dereva wa mizigo kuendesha saa 11 ndani ya kipindi cha saa 14, baada ya kupumzika saa 10. Anayefanya kazi ndani ya maili 150 za angani, kama kilomita 278, na kurudi kituoni kabla ya saa 14 kwisha, husamehewa kutumia kifaa cha kielektroniki cha kurekodi saa. Saa 14 ni siku ndefu. Katika vifurushi siku hizo ndefu hujazana baada ya sikukuu ya Shukrani ya mwezi Novemba hadi katikati ya Januari, wakati ambao likizo haiombwi. Shehena haina wimbi kali namna hiyo. Hupanda mwisho wa mwezi na mwisho wa robo ya mwaka, viwanda vinapokimbilia kufunga hesabu.

Swali linalosahaulika kuliko yote ni uhai wa kampuni. Mwaka 1964 Jimmy Hoffa, kiongozi wa Teamsters, alisaini mkataba wa kitaifa uliowaunganisha madereva wa shehena zaidi ya 400,000 chini ya chama hicho. Miaka kumi na sita baadaye, Julai 1, 1980, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli na njia za malori. Kampuni mpya zisizo na chama zikaingia, nauli zikashuka, na majina makubwa ya zamani yakaanza kuanguka moja baada ya jingine. Consolidated Freightways iliwafungia milango wafanyakazi wake siku ya sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, Septemba 2002. Yellow, iliyoanzishwa mwaka 1924, ilisimamisha kazi Julai 30, 2023 ikiwa na wafanyakazi wapatao 30,000, miaka mitatu tu baada ya kupewa mkopo wa serikali wa dola milioni 700. Vituo vyake vingi vilinunuliwa na washindani wake, Estes, Saia na XPO wakiwamo.

Madereva wengi wa Yellow walipata kazi kwingine, kwa kuwa mzigo wao haukutoweka bali ulihamia kwa wengine. Walichopoteza ni ukongwe. Dereva wa miaka 25 aliyekuwa akichagua njia na likizo yake aliingia kampuni mpya akiwa wa mwisho kwenye orodha, nyuma ya kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita. Pensheni ilikuwa na mkasa wake: mfuko wa Central States, unaowahudumia wastaafu wengi wa malori, ulikuwa ukielekea kuishiwa, na Desemba 2022 serikali ikautengea takriban dola bilioni 36 ili malipo ya wastaafu yasikatwe. Anayeahidiwa pensheni leo ana haki ya kuuliza mfuko unaitwaje na hali yake ikoje.

Asidhani mtu kwamba vifurushi vina kinga. Januari 2025 UPS ilitangaza kwamba itapunguza mizigo ya Amazon kwa zaidi ya nusu ifikapo katikati ya 2026, kwa maelezo kuwa faida yake ni ndogo. Aprili ikatangaza kupunguza nafasi 20,000 na kufunga majengo 73. Kufikia Oktoba mwaka huo kampuni ilisema nafasi za uendeshaji zilizopunguzwa ni 34,000. Madereva walipewa fedha za kuondoka kwa hiari. Mkataba mzuri humlinda aliye juu ya orodha. Aliye chini ndiye anayekatwa kwanza, na aliye katikati hurudi nyuma hatua kadhaa.

Inafaa pia kutazama wenye kampuni wamefanya nini na fedha zao. UPS iliinunua kampuni ya shehena ya Overnite mwaka 2005 kwa dola bilioni 1.25, ikaiuza mwaka 2021 kwa TFI ya Canada kwa dola milioni 800. Ndiyo TForce Freight ya leo. FedEx ilitangaza Desemba 2024 kwamba FedEx Freight itatengwa iwe kampuni ya peke yake. Kampuni zote mbili kubwa za vifurushi zimeamua kwamba kazi hizi mbili haziendeshwi vizuri chini ya paa moja, na dereva naye asizichukulie kuwa kazi moja yenye rangi tofauti za malori.

Leseni haihitaji maneno mengi. Tangu Februari 7, 2022 anayeomba leseni ya daraja A kwa mara ya kwanza lazima apite mafunzo katika shule iliyosajiliwa na shirikisho. Kwa shehena aongeze vibali vya trela pacha, matangi na mizigo ya hatari. Hiki cha mwisho hudai alama za vidole na uchunguzi wa TSA, shirika la serikali la usalama wa usafiri, na asiye nacho hufungiwa sehemu ya mizigo ya kituo. Bangi, hata katika jimbo lililoihalalisha, humtoa dereva barabarani. Tangu Juni 25, 2025 dereva ambaye hawezi kuzungumza na askari kwa Kiingereza na kusoma alama za barabarani husimamishwa papo hapo, na kanuni za leseni za kibiashara kwa wageni wasio na ukaazi wa kudumu zimekuwa zikibadilishwa na kupingwa mahakamani tangu Septemba mwaka huo. Mwenye hadhi ya muda aulize ofisi ya leseni ya jimbo lake kabla ya kulipa karo ya shule.

Kwa hiyo aliye na leseni ya daraja A, familia na madeni aende kwenye shehena, na aipendelee kampuni inayolipa saa za ziada mapema na yenye kituo kinachokua. Kijana asiye na leseni, mwenye afya na subira, aingie UPS kupitia upakiaji na asihesabu saa za mwaka wa kwanza, ila ajue kwamba safari hii mlango ni mwembamba kuliko ulivyokuwa mwaka 2021. Mkandarasi wa vifurushi abaki kuwa mahali pa kupata uzoefu wa mwaka mmoja, si zaidi. Na popote atakapokwenda, kabla ya kusaini aombe kuambiwa mambo mawili kuhusu kituo hicho hasa, wala si kuhusu kampuni nzima: ni wangapi walio juu yake kwenye orodha ya ukongwe, na kati ya walioajiriwa mwaka uliopita ni wangapi ambao bado wapo.